Shelisheli: ratiba huanza na upepo, si hoteli

Wakala wa safari anayeuza wiki ya Shelisheli kwa kumwonyesha mteja picha ya hoteli kwanza hujitafutia hasara. Katika visiwa hivyo upepo na boti ndivyo vinavyopanga siku. Hoteli hufuata.

Nchi ina visiwa 115, ila mtalii wa kipato cha kati huzunguka vitatu: Mahé, penye mji mkuu Victoria na uwanja wa ndege wa kimataifa, Praslin na La Digue. Boti ya kasi kutoka Mahé hadi Praslin huchukua kama saa moja, na kutoka hapo hadi La Digue ni dakika 15 hivi. La Digue haina uwanja wa ndege, na wageni wengi huzunguka kwa baiskeli za kukodi.

Kosa la kawaida ni kuanza Mahé na kumalizia La Digue. Asubuhi ya kuondoka mteja hulazimika kupanda boti mbili kuiwahi ndege. Bahari ikichafuka na boti ikachelewa, tiketi ya kurudi Nairobi imepotea, na lawama humrudia aliyeuza safari. Mpango salama ni kuvuka siku ileile ya kufika ikiwa ndege imetua mapema, kulala usiku tatu Praslin na mbili La Digue, kisha kufunga kwa usiku mbili Mahé.

Upepo nao una bei yake. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba au Oktoba. Miezi hiyo Grand Anse ya La Digue huwa na mawimbi ya hatari, na pwani ya kusini-magharibi ya Praslin hujaa mwani. Chumba cha upande huo kikionekana rahisi kupita kiasi mwezi wa Julai, sababu huenda imelala ufukweni. Anse Volbert, ng'ambo ya pili ya Praslin, huwa shwari, kama ilivyo Beau Vallon kule Mahé. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hali hugeuka. Wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja waangalie: kaskazi ya huko hutoka kaskazini-magharibi, hivyo Beau Vallon ndiyo hupigwa. Tanga mbili, yaani Aprili na kati ya Oktoba na Novemba, ndiyo miezi rahisi zaidi kupangia.

Katika hesabu kuna mitego miwili. Hoteli nyingi hutaja bei kwa yuro. Wakala anayepokea arbuni kwa shilingi leo na kulipa baada ya miezi mitatu amebeba hatari ya ubadilishaji peke yake, na faida ya asilimia 10 huweza kuyeyuka bila mteja kujua. Afadhali alipie vyumba mara apokeapo fedha. Rupia yenyewe iliachiwa nguvu ya soko Novemba 2008, baada ya nchi kushindwa kulipa madeni ya nje, kwa hiyo bei za boti na chakula nazo husogea na soko.

Mtego wa pili ni tozo ya mazingira iliyoanzishwa 2023: rupia 25 kwa mtu kwa usiku katika nyumba ndogo, hadi 100 katika hoteli kubwa. Wawili kwa usiku saba hoteli kubwa ni rupia 1,400. Isipotajwa mapema, ugomvi huzuka mapokezi.

Kiingilio cha bonde la Vallée de Mai, Praslin, lililoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1983, kiwekwe ndani ya bei, kwani ndiko uliko mnazi wa coco de mer wenye mbegu nzito kuliko zote duniani. Anayetaka kuondoka na mbegu hiyo anunue yenye kibali rasmi. Bila karatasi hiyo, itabaki forodhani.