Kuzuia Vijidudu vya Dunia Visifike Sayari Nyingine

Kila chombo kinachoondoka duniani hubeba bakteria, hata kama kimeundwa katika chumba chenye hewa iliyochujwa na mafundi waliojifunika kuanzia utosini hadi miguuni. Baadhi yao hujigeuza spora, hali ya kujihami inayovumilia ukame, baridi kali na mionzi. Wakifika Mirihi, jambo linalohofiwa kwanza ni kuharibika kwa utafiti wenyewe: mtambo uliotumwa kutafuta uhai unaweza kuvumbua uhai uliosafiri nao kutoka Florida.

Hofu hiyo iliibuka mara tu Umoja wa Kisovieti uliporusha satelaiti ya Sputnik mwaka 1957. Joshua Lederberg, mwanabiolojia wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotahadharisha mapema. Mwaka 1958 iliundwa COSPAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa anga, ambayo hadi leo ndiyo inayotunga sera ya kuzuia uchafuzi huo na kuirekebisha. Kisha ukaja Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967. Kifungu chake cha 9 kinazitaka nchi zisichafue sayari nyingine kwa namna yenye madhara, wala zisilete duniani vitu vitakavyodhuru mazingira yake. Namna ya kupima madhara hayo mkataba hausemi, na pengo hilo ndilo linalojazwa na COSPAR.

Safari zimegawanywa katika makundi 5, kulingana na chombo kinakokwenda na kitakachofanya huko. Io, mwezi wa Mshtarii uliojaa volkano, hauna masharti yoyote. Kundi la 5 ni la safari zinazorudi duniani. Uzito wa sera uko katika kundi la 4, la vyombo vinavyotua mahali panapodhaniwa kuweza kuhifadhi uhai, Mirihi ikiwemo. Chombo cha kawaida kinachotua huko hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya spora 300,000 kwenye nyuso zake, wala wastani unaozidi spora 300 kwa kila mita ya mraba. Mafundi hupangusa nyuso hizo kwa vitambaa visivyo na vijidudu, kisha huotesha kilichonaswa maabara na kuhesabu. Spora huhesabiwa kwa kuwa ni sugu na huoteka kwa urahisi. Bakteria wasiooteka maabara hawaonekani katika hesabu hiyo.

Vyombo viwili vya Viking, vilivyotua Mirihi mwaka 1976, viliokwa vizima kwa zaidi ya nyuzi 110 za Selsiasi, kwa saa nyingi mfululizo. Vifaa vingi vya kielektroniki vya leo havistahimili joto hilo, kwa hiyo kila kijenzi hutakaswa kivyake: kwa joto, kwa alkoholi au kwa mvuke wa peroksidi ya hidrojeni. Masharti huwa makali zaidi pale ambapo joto na unyevu vingeweza kuwaruhusu bakteria wa duniani kuzaliana. Ajabu ni kwamba hapo ndipo wanasayansi wanapopatamani zaidi.

Kwa Europa, mwezi wa Mshtarii wenye bahari chini ya barafu, uwezekano wa kuichafua bahari hiyo lazima uwe chini ya 1 kwa 10,000. Kwa hofu ya aina hiyo, chombo cha Galileo kilitumbukizwa ndani ya Mshtarii mwaka 2003, na cha Cassini ndani ya Zohali mwaka 2017, ili visije vikaangukia miezi ya sayari hizo baada ya kuishiwa mafuta.

Udhaifu wa sera ni kwamba COSPAR haina mamlaka ya kuadhibu. Kifungu cha 6 cha mkataba kinaibebesha kila nchi wajibu wa kuidhinisha na kusimamia safari za kampuni na taasisi zake, lakini idhini hutegemea mwombaji aseme ukweli wote. Mwezi Aprili 2019, chombo cha Israel, Beresheet, kilianguka Mwezini kikiwa na maelfu ya taradigradi, wanyama wadogo mno waliokaushwa. Shehena hiyo haikuwa imetangazwa kabla ya safari. Tangu wakati huo COSPAR imerekebisha masharti ya Mwezi, na sehemu za ncha zake zinachungwa zaidi kwa sababu ya barafu iliyomo katika mashimo yasiyofikiwa na jua.

Lililo gumu zaidi ni binadamu mwenyewe. Mwili wake una matrilioni ya bakteria, na hauokeki. Wanaanga wa Apollo 11 walitengwa waliporudi kutoka Mwezini mwaka 1969, ingawa mlango wa chombo chao ulikuwa umeshafunguliwa baharini. Kwa safari ya watu kwenda Mirihi, sera bado haijaweka kiwango chochote cha namba.