Bei ya Siku Moja: Utangulizi

Wanaoanza kuchunguza faini za mahakama hukimbilia hukumu ndefu za rufaa. Mimi humshauri mgeni aanzie Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambacho wanafunzi wengi wa sheria hukipita upesi.

Pana jedwali fupi pale la kifungo cha juu kabisa kwa aliyeshindwa kulipa. Faini isiyozidi Sh500, siku 14. Ikifika Sh2,500, mwezi mmoja. Sh15,000, miezi mitatu. Sh50,000, miezi sita. Ikipita hapo ni mwaka mmoja, hata kama faini ni milioni. Sasa chukua kalamu ugawanye. Wa Sh500 akikaa siku zote 14, kila siku aliyolala ndani imefuta kama Sh36. Wa Sh50,000 akimaliza miezi sita, kila siku imemfutia zaidi ya Sh270. Ni kweli hakimu anaweza kutoa muda mfupi zaidi, lakini nani aliamua kwamba siku ya mchuuzi wa ndizi iwe rahisi kuliko ya tapeli wa viwanja?

Taaluma hii huanzia kwenye hesabu za namna hiyo. Mwenye mshahara akiambiwa "Sh5,000 ama miezi miwili", jioni yuko kwake. Mchuuzi aliyenaswa na kanjo, yaani askari wa kaunti, hata mtaji hana tena, maana ndizi zimeshachukuliwa. Basi simu zinapigwa: dada anachukua mkopo wa simu wa Fuliza, shangazi anauza kuku, chama cha akina mama kinafungua akiba. Adhabu ya mmoja imeenea ukoo mzima, na jalada la kesi halisemi lolote kuhusu hilo. Kwa maoni yangu, utafiti wetu umepwaya hapo kuliko kwingine kote.

Wenzetu wa mbali nao wamehangaika. Finland hupima faini kwa kipato tangu 1921. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bearden ya 1983, ilikataa mtu afungwe kwa sababu tu hana pesa. Hata hivyo, mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya huko iliukuta mji wa Ferguson, Missouri, ukijaza hazina yake kwa faini. Karibu zaidi nasi, Desemba 2020, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka haki za watu. Kenya yenyewe ina sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998, ambayo humwezesha mkosaji kufagia hospitali au kupanda miti badala ya kufungwa.

Huhitaji shahada kuanza. Ingia mahakama ya hakimu Jumatatu asubuhi, walionaswa wikendi wanapofikishwa kizimbani. Andika kosa, faini, kazi ya mshtakiwa ikitajwa, saa aliyotoka, na nani aliyemlipia.