Muvi za Kutazama Nyumbani: Moja Haina Neno Hata Moja, na Ndiyo Iliyomkalisha Mama Mkwe

Leo naongelea muvi, ila sikuletei ile orodha ya "muvi 10 kali" ambayo ukiisoma unagundua kabisa mwandishi ana ukumbi wa sinema karibu na kwake. Sisi Kasulu hatuna. Wenzetu wa Kibondo nao hawana. Muvi mpya ikitoka, watu wa Dar wanaingia Mlimani City wiki hiyo hiyo. Sisi inatufikia baadaye, kwa king'amuzi, kwa bando la simu au kwa flashi, na tunaitazama sebuleni tukiwa wengi.

Hapo kwenye "tukiwa wengi" ndipo shida inapoanza.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Kibondo. Jioni, baada ya chakula, nikataka kuonekana mkwe mwenye maendeleo. Nikaweka muvi ya mapigano, ya Kimarekani, mpya kabisa, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijaitazama. Kosa la kwanza hilo.

Dakika ya tano mama akauliza, "Baba Neema, hawa wanasema nini?" Nikaanza kumtafsiria. Nikimaliza sentensi moja, kule watu wawili wameshakufa na mimi sijui wamekufa kwa nini. Watoto wananikatisha, "Baba, hakusema hivyo." Halafu bila dalili yoyote, kikaja kipande cha kitandani. Rimoti haionekani. Mke wangu anaangalia dari. Mama akaangalia saa ya ukutani na kusema amechoka, anakwenda kulala. Ilikuwa saa mbili kasoro!

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kuchagua muvi. Zamani nilikuwa nauliza, "Ni kali?" Sasa nauliza, "Nani amekaa sebuleni, na anasikia lugha gani?"

Lugha ndiyo mtihani wa kwanza

Kwa wasioijua hii mikoa yetu, ngoja nieleze. Nyumba nyingi za huku wazee wanaongea Kiha, wanakielewa Kiswahili vizuri, lakini Kiingereza ni cha watoto wa sekondari. Ongeza jirani Mrundi, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu, mtu na mtu wanaelewana bila mkalimani. Ongeza na Mkongo anayejua Kiswahili chake na Kifaransa kidogo. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa hapa Kasulu mwaka 1996, na ya Nduta iliwekwa Kibondo, kwa hiyo mchanganyiko huu tumeuzoea.

Sasa muvi ya Kiingereza yenye maneno mengi ikiwekwa mbele ya watu hao, nusu ya sebule inatazama picha zinazotembea. Maandishi ya chini yanasaidia kijana anayesoma haraka. Bibi mwenye macho ya miaka 70 hayamsaidii.

Ndiyo maana muvi za kutafsiri zilishika sana. Waliokua miaka ya nyuma wanamkumbuka Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala. Huyu alikuwa anaweka sauti yake juu ya muvi za Kihindi, Kichina na Kimarekani na kuisimulia yote kwa Kiswahili. Baada yake wakaja kina DJ Mark. Uganda wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda, Kenya wana DJ Afro. Kazi ni ileile: sauti ya muvi inashushwa, msimulizi anapandisha ya kwake.

Nawasifu na nina ugomvi nao. Sifa kwanza. Msimulizi mzuri hatafsiri maneno peke yake. Anakwambia huyu ni nani, ana kinyongo gani, na mbona yule polisi anaogopa. Mtu aliyeingia katikati anashika stori. Mpishi wa Hong Kong anageuka kuwa jirani yako wa Kariakoo, na kila mtu anacheka pamoja.

Ugomvi wangu ni kwamba wengine wanasimulia kabla hawajaielewa muvi yenyewe. Mtu analia msibani, msimulizi anatia utani. Wengine wanamwaga matusi ambayo hayamo kabisa, na wewe umekaa na wanao. Na mahali ambapo muvi imenyamaza makusudi ili uwaze, msimulizi hawezi kunyamaza. Kwa hiyo mapigano, sawa, nipe ya kutafsiri. Stori ya machozi au ya kufikirisha, naomba asilia.

Haya, nilizozitazama

Naanza na iliyonishinda kuielezea. Inaitwa Flow, imetoka 2024, imetengenezwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, kanchi kadogo huko Ulaya. Ni katuni ya dakika 85 hivi na haina neno hata moja. Hakuna binadamu ndani. Kuna paka, maji yanapanda na kufunika kila kitu, paka anaokoka kwenye mashua. Humo ndani anakutana na mbwa, na kapibara (mnyama wa Amerika Kusini, mfikirie kama panya mkubwa mpole), na lemuri wa Madagaska anayekusanya vitu vyake kama mama mwenye kibanda, na ndege karani tamba, yule mwenye miguu mirefu anayepatikana hata huku kwetu Tanzania. Hawaongei. Paka analia kama paka, mbwa anabweka kama mbwa.

Machi 2025 ilichukua Oscar ya filamu bora ya katuni, ikiwa imewaacha nyuma Disney na DreamWorks wenye mabilioni yao. Na ilitengenezwa kwa Blender, programu ya kompyuta ambayo inapakuliwa bure. Kijana wa Kasulu mwenye kompyuta, umesikia hiyo.

Niliiweka mama akiwa bado yupo, siku ya tatu. Nilikuwa na wasiwasi, nikajua atasema ni ya watoto. Dakika kumi hakusema kitu. Maji yalipoanza kupanda akasogeza kiti. Akasema, "Kama ziwa." Kweli, miaka hii Ziwa Tanganyika limepanda na kuingia kwenye nyumba na maduka ya watu kule Kigoma mjini na Bujumbura, na mama ana ndugu walioondoka ufukweni. Kuanzia hapo yeye ndiye akawa msimulizi. "Huyo ndege wamemfukuza kwao. Ona, bawa lake." Jirani yetu Mrundi alikuja kuazima chumvi, akakaa mpaka mwisho. Sikutafsiri chochote.

Nyongeza ya kuchekesha: sauti ya yule kapibara si ya kapibara. Ya kwake waliiona mbaya, wakatumia ya mtoto wa ngamia.

Ya pili ni The Wild Robot, nayo ya 2024. Roboti inaangukia kisiwani penye wanyama tu, inajikuta inalea kifaranga cha bata bukini. Sauti ya roboti ni Lupita Nyong'o, dada yetu wa Kenya. Ina maneno ya Kiingereza, ila picha zinabeba stori kiasi kwamba hata asiyesikia atajua nani mama na nani mwana. Kuna kipande roboti inakaa chini kimya, majani yanaiotea, inasikiliza wanyama mpaka inajifunza lugha yao. Watoto wangu walikipita haraka, mimi nilikirudisha mara mbili. Inaliza, nakuonya.

Mufasa: The Lion King, ya Disney, Desemba 2024, nayo tumeitazama. Watoto waliipenda. Mimi naona simba wanapendeza lakini nyuso zao hazisemi kitu, na nyimbo sikumbuki hata moja. Siku ya mvua inafaa, basi.

Sasa za Kiswahili. Binti, ya mwaka 2021, imeongozwa na Seko Shamte, ikafika mpaka Netflix. Wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na mzigo wake: deni la biashara, mwanaume wa ngumi, kutafuta mtoto. Si mpya tena, lakini huku kwetu wengi hawajaiona. Hii msiweke watoto wadogo. Mimi na mke wangu tuliitazama wawili, tukaisimamisha katikati na kuongea mpaka chai ikapoa. Hasa ile ya ngumi, maana sote tunamjua mtu.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, imetoka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo baadhi yenu mliisoma shuleni mkalalamika. Zanzibar ya wakati wa mkoloni Mwingereza, binti wa Kihindi aliyetoroka ndoa, kijana wa siasa. Ilishinda tuzo kubwa ya tamasha la Carthage, Tunisia, mwaka 2022. Inakwenda taratibu. Kama umezoea mapigano utasinzia, lakini picha zake na taarabu, aah. Mzee wangu wa jirani, mwalimu mstaafu, alisema amesikia Kiswahili chenyewe.

Na Nawi, ya Kenya, 2024. Msichana wa Turkana amefaulu mtihani vizuri sana, anataka sekondari, baba anataka mahari: kondoo, ngamia, mbuzi. Kenya waliipeleka kugombea Oscar, na binti aliyeigiza, Michelle Lemuya Ikeny, akapata tuzo ya AMAA ya chipukizi. Hii, msomaji, nadhani ndiyo iliyotakiwa iwekwe kila sebule ya Kigoma yenye msichana wa darasa la saba. Haihubiri sana. Baba wa kwenye muvi si shetani, ana shida ya njaa na heshima, na hilo ndilo linalokera zaidi. Mwanangu Neema yuko la sita. Ilipoisha aliniuliza, "Baba, mimi ni ng'ombe wangapi?" Nilimwambia akalale, kesho shule. Sijamjibu vizuri mpaka leo, na najua atauliza tena.

Mambo ya bando na flashi

Umeme siku hizi afadhali. Kabla ya hapo Kasulu na Kibondo tuliishi kwa jenereta za dizeli, na tangu 2022 wilaya zetu zilipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa, mtaani kwetu TV zimekuwa nyingi. Kinachouma sasa ni bando.

Kama una Netflix kwenye simu, ingia kwenye mipangilio uchague kiwango cha chini cha picha. Kwa hesabu zao wenyewe, kiwango cha chini kinakula mpaka MB 300 hivi kwa saa, lakini picha kali inaweza kufika GB 3 kwa saa hiyo hiyo. Kwenye kioo cha simu tofauti huioni sana. Kwenye bando utaiona. Bora zaidi, ipakue usiku, uitazame kesho bila kukatikakatika.

Upande wa flashi, niseme ukweli: nyingi zinazozunguka ni nakala za wizi, na Shivji au Seko Shamte hapati hata senti. Sijifanyi malaika, nami nimewahi. Lakini za Bongo nimejiwekea kwamba nalipia, kwa king'amuzi au mtandaoni, maana wakifunga kazi hawa hakuna Mmarekani atakayekuja kutuigizia kwa Kiswahili.

Na kama unabeba faili lako kwenda kwenye TV ya mtu, jihadhari na haya. TV nyingi za zamani zikipewa faili la HEVC, ambalo huandikwa x265, zinatoa sauti bila picha. Omba MP4 ya kawaida ya H.264. Picha ikija bila sauti, mara nyingi tatizo ni aina ya sauti iliyomo, siyo spika. Na flashi iliyopangwa kwa FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4, hata kama ina nafasi tele.

Haya nimeyajua wiki hii. Mama mkwe alipiga simu kutoka Kibondo, salamu ndefu, habari za maharage, habari za mvua, kisha akasema wajukuu wa huko wanaitaka "ile ya paka", na nisisahau kuileta nikienda. TV yao ni ya zamani. Nimeshaijaribu kwa jirani mwenye TV kama hiyo, inacheza.