Umeme wa seli na nguvu ya maji ya chumvi na sukari

KIPINDUPINDU kilipozuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwishoni mwa 2015, na kiliporejea Kaunti ya Garissa mwishoni mwa 2022, tegemeo la kwanza la wahudumu wa afya lilikuwa pakiti ndogo ya chumvi na sukari, ya kukorogwa katika lita moja ya maji safi. Nguvu ya pakiti hiyo inatokana na umeme ulio katika seli za mwanadamu.

Chumvi inapoyeyuka majini, hugawanyika na kuwa chembe zenye chaji ya umeme ziitwazo ioni. Ndani ya seli mna ioni nyingi za potasiamu. Nje mna nyingi za sodiamu. Tofauti hiyo hudumishwa na pampu iliyo katika utando wa seli, ambayo hutoa ioni 3 za sodiamu kila inapoingiza 2 za potasiamu. Jens Skou wa Denmark, aliyeitambua pampu hiyo mnamo 1957, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1997.

Kwa vile potasiamu huvuja nje kwa urahisi kuliko sodiamu inavyopenya ndani, chaji chanya hupungua ndani ya seli na kuiacha hasi. Katika neva, tofauti hiyo ni takriban milivolti 70. Japo ni ndogo, ndiyo iwezeshayo neva kupitisha ujumbe, misuli kukaza na moyo kudunda.

Sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli za utumbo kumwaga ioni za kloridi, nazo sodiamu na maji huzifuata. Mgonjwa hupoteza potasiamu pia. Ikipungua mno damuni, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika. Asipotibiwa, aweza kufa katika muda wa saa chache.

Hata hivyo, sumu hiyo haizibi njia ipitishayo sodiamu pamoja na glukosi. Chaji hasi iliyo ndani ya seli huivuta sodiamu, ambayo huingia sanjari na glukosi, na maji yakafuata. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, wala chumvi peke yake.

Vipimo navyo vina maana. Maji yakiwa machache, mchanganyiko huwa mkali na waweza kuzidisha kuhara. Yakizidi, chumvi huwa haba. Mgonjwa aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe hospitalini mara moja, atiwe maji kupitia mshipa.