Watumishi Wanaosomea Sera za Nishati na Mazingira: Kata Inanufaikaje?

Mwananchi anapoelezwa kuwa Afisa Mazingira yuko masomoni, ana haki ya kuuliza mambo mawili: nani anakaimu nafasi hiyo, na masomo hayo yataisaidia nini kata yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inaitaka kila halmashauri kuwa na Afisa Mazingira mwenye sifa. Huyo ndiye huishauri halmashauri, huelimisha wananchi, hukusanya taarifa za hali ya mazingira na kupitia sheria ndogo zinazohusika. Katika miaka ya karibuni kazi hiyo imefungamana na suala la nishati. Serikali imezielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa. Aidha, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo.

Hata hivyo, agizo peke yake haliivishi makande. Kamati ya shule inayotaka kubadili jiko inapaswa kujua gharama halisi ya kuni kwa muhula, ukiwamo mzigo wa kuni unaochangwa na wazazi. Inapaswa pia kulinganisha gesi, umeme na mkaa mbadala: bei ya vifaa, umbali wa kujaza mitungi, uhakika wa umeme na upatikanaji wa fundi. Jiko la bei nafuu dukani laweza kuwa ghali kuliendesha. Hesabu ikikosewa, wazazi watachangia jiko jipya, kisha warudi kuchangia kuni.

Shahada ya uzamili katika fani hii humfundisha mtumishi kufanya hesabu za namna hiyo kwa miaka kadhaa mbele, kufasiri sheria, kuchambua takwimu na kuandika maandiko ya miradi ya kuombea fedha. Vilevile humwezesha kuisoma kwa makini ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mwekezaji anapotaka kufungua machimbo au kiwanda, wananchi hupaswa kushirikishwa katika tathmini hiyo, na afisa anayeielewa huwafafanulia kinachogusa maji, mashamba na makazi yao.

Masomo hayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na huhitimishwa kwa utafiti na tasnifu. Nchini, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, hufundisha na kutafiti masuala ya nishati, maji na mazingira. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, humwezesha mtumishi kusoma kwa masafa bila kuacha kituo chake cha kazi.

Mtumishi haondoki kwa hiari yake tu. Huhitaji ruhusa ya mwajiri, na masomo yake hupaswa kuoana na mahitaji ya mafunzo ya halmashauri. Kabla ya kuondoka hukabidhi majalada na shughuli zinazoendelea, ili mwananchi aliyewasilisha malalamiko asilazimike kuanza upya.

Wananchi nao wana nafasi yao. Katika mkutano wa kijiji au mtaa, wanaweza kuuliza jina la anayekaimu na hatua iliyofikiwa katika mashauri yao. Mtumishi akija kukusanya takwimu za tasnifu yake, waombe kuona kibali cha utafiti, wajibu kwa hiari na wadai kurejeshewa matokeo. Akirudi kazini, Kamati ya Maendeleo ya Kata inaweza kumwita kupitia Mtendaji wa Kata na kumkabidhi kazi mahususi, kwa mfano kukokotoa gharama za jiko la shule moja na kuziwasilisha mbele ya wazazi kabla ya mchango wowote kuitishwa.