Shilingi Ikishuka, Mkulima wa Chai Hupata Nini?

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola ya Marekani ilipatikana kwa shilingi 123 hivi. Januari 2024 ikapita shilingi 160. Mtu aweza kudhani ya kuwa hiyo ilikuwa hasara tupu. Sivyo. Chai ya Kisii na Nyamira huuzwa mnadani Mombasa kwa bei ya dola. Kilo ya dola mbili iliyoleta shilingi 246 ikaleta 320 (si zote za mkulima, kwani kiwanda hukata gharama zake), ijapokuwa mnunuzi hakuongeza kitu.

Basi, shilingi na ishuke kila mwaka? La! Mbolea, na mafuta ya lori lichukualo majani, hutoka ng'ambo, nayo hulipiwa dola. Tena Kenya hununua ng'ambo vingi kuliko inavyouza, na pengo hilo halizibiki upesi: mche wa chai hungojewa miaka mitatu hivi, bali mafuta hayangoji.

Kufikia Agosti 2024 dola ilirudi shilingi 129 hivi. Kilo ile ikawa ya shilingi 258. Lakini aliyekopa mbolea dola ilipokuwa ghali, deni lake halikupungua.