Harufu ya Nyumba ya Uyoga

Ukipita Hale au Ngombezi, wilayani Korogwe, siku ambayo korona, mashine ya kuchambua mkonge, inafanya kazi, harufu inakufikia kabla hujaiona. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Kilichobaki ni maji na makapi ya kijani yanayorundikwa nje na kuchacha. Mvua ikinyesha, juu ya marundo hayo huota uyoga mwembamba wa kijivu ambao ni mboga nzuri, mradi uuwahi, kwa maana baada ya saa chache kofia yake huyeyuka ikawa maji meusi. Mwaka 2008 Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Joan Cuff walichapisha matokeo ya kuuotesha uyoga huo, pamoja na aina nyingine mbili za porini za Kitanzania, juu ya makapi ya mkonge yaliyoozeshwa.

Uyoga huo una tabia moja inayonivutia: unaistahimili amonia, ile hewa inayochoma pua ndani ya banda la kuku lisilosafishwa, ambayo aina nyingi za uyoga wa kufugwa haziiwezi. Ndiyo maana wakulima wa uyoga mweupe huko Ulaya, wakiuona uyoga wa maji meusi umechomoza kwenye mboji yao, hujua kwamba amonia haijaisha na kwamba mboji ilipandwa mapema mno. Macho yamewaambia jambo ambalo pua ilipaswa kuwaambia wiki kadhaa kabla.

Ukitoka Korogwe kwenda Kang'ata, upande wa Handeni, unaingia nchi ya Wazigua na mahindi. Anayetaka kuotesha uyoga mamama (oyster) hapo hana haja ya mkonge. Ana mabua na magunzi, ana pumba, ana pipa la kuchemshia, na chumba cha udongo chenye paa la nyasi kinachokaa baridi kidogo hata jua la Januari linapowaka. Anakatakata mabua, anayaloweka, anayachemsha, anayajaza kwenye mifuko pamoja na mbegu, kisha anaifungia mifuko gizani mpaka utando mweupe uenee wote. Maelekezo ya hatua hizi yanapatikana kwa urahisi. Kinachoelezwa kwa haraka mno ni hewa, na wengi hukwama hapo: uyoga unatoka na miguu mirefu myembamba na kofia ndogo kama vifungo vya shati, na chumba kinaanza kunuka.

Uyoga si mmea. Jani la mhindi mchana huvuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni, lakini uyoga hupumua kama sisi, usiku na mchana: huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, joto na unyevu. Chumba chenye mifuko mia mbili kimejaa vipumuaji, na kikifungwa hali yake haitofautiani sana na ya darasa lililojaa watoto na madirisha yamefungwa.

Aliyetufundisha kupima hali hiyo ni Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Munich, Ujerumani. Kabla yake wengi waliamini kwamba hewa ya ukaa yenyewe ndiyo inayowachosha watu vyumbani. Mwaka 1858 Pettenkofer alieleza kwamba kwa kiasi kinachopatikana majumbani hewa hiyo ni shahidi tu: inaonyesha ni kiasi gani cha pumzi na jasho la watu kimebaki ndani bila kutoka. Akaweka mpaka wa sehemu 1 katika 1,000. Ikizidi hapo, chumba hakina hewa ya kutosha. Hewa ya nje leo ina hewa ya ukaa sehemu 420 hivi katika milioni. Mpaka wa Pettenkofer, kwa hesabu hiyo, ni sehemu 1,000 katika milioni, na hapo hapo ndipo wakulima wa mamama wanaposhauriwa kutovuka wakati uyoga unachomoza. Ukivuka, shina hurefuka na kofia hudumaa. Tafsiri inayokubalika ni kwamba uyoga unaotoka kwenye pango la mti huongeza mguu hadi ufike penye upepo, kwa kuwa mbegu zake hutawanywa na upepo. Kwa hiyo mguu mrefu ni kipimo cha hewa kisichogharimu shilingi. Wakati utando unaenea ndani ya mifuko, kabla ya kuchomoza, hauhitaji hewa nyingi namna hiyo, na wengi huvuruga mambo kwa kupepea chumba mapema, mifuko ikakauka.

Hewa ya ukaa haina harufu. Hapa ndipo pua inapohitaji kueleweka vizuri, maana inanusa majirani wa tatizo, haimnusi mwenye tatizo. Linda Buck na Richard Axel walipochapisha mwaka 1991 kazi yao juu ya vinasa harufu vya puani, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walifungua njia ya kujua kwamba binadamu ana aina 400 hivi za vinasa hivyo, na kila harufu huwasha kundi lake. Pua yetu ni chombo kikali kweli kweli. Kasoro yake ni kuzoea: baada ya dakika chache ndani ya chumba, harufu isiyobadilika hufifia. Anayeshinda ndani ya nyumba ya uyoga ndiye wa mwisho kujua kwamba inanuka. Inusie mlangoni, ukitoka kwenye hewa safi, kabla hujaingia, au mwombe jirani aje anuse.

Atanusa nini? Chumba kizima hunukia uyoga wenyewe, harufu ya msitu baada ya mvua, na sehemu kubwa yake ni kemikali iitwayo oktenoli, iliyotambuliwa na Wajapani katika uyoga wao wa matsutake miaka ya 1930. Oktenoli hiyo hiyo imo katika pumzi ya ng'ombe. Mwaka 1984 watafiti waliofanya kazi Zimbabwe waliripoti kwamba inawavuta mbung'o, na tangu hapo imewekwa kwenye mitego ya kuwanasia. Kwa Handeni, ambako mbung'o waliwahi kuwafukuza ng'ombe katika sehemu kubwa ya nchi, naona ni jambo la kustaajabisha kwamba mboga ya jioni na mnyama wa zizini hutoa harufu moja.

Harufu nyingine ni za onyo. Amonia inamaanisha pumba au samadi imezidi. Uchachu, kama wa togwa iliyopitiliza, unamaanisha mabua yalifungwa yakiwa na maji mengi, na bakteria wasiohitaji oksijeni wamechukua nafasi. Ukikamua fumba la mabua kabla ya kujaza mifuko, yatoke matone machache tu. (Uozo usio na hewa una faida yake mahali pengine: Hale, kampuni ya Katani ilijenga mtambo unaoozesha makapi ya mkonge kwenye matangi yaliyofungwa ili kupata gesi ya kuzalisha umeme. Ndani ya mfuko wa uyoga hatutaki hilo.) Harufu ya tatu ndiyo inayowadanganya watu wa Tanga kuliko wote: nazi. Ukungu wa kijani uitwao Trichoderma, adui mkubwa wa mamama, mara nyingi hutoa harufu ya nazi. Ukiisikia mahali pasipo na nazi, tafuta mfuko wenye doa la kijani, ufunge ndani ya mfuko mwingine palepale bila kuutikisa, ukauzike mbali.

Wapo wanaoshauri kutundika mkaa ili kuondoa harufu, na Handeni mkaa si haba. Ushauri huo una chembe ya sayansi. Mwaka 1773 Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliona kwamba mkaa hushika gesi, na katika Vita Kuu ya Kwanza vifuu vya nazi vilichomwa kutengeneza mkaa wa vinyago vya kuzuia gesi ya sumu. Mkaa huo lakini hupitishwa kwenye mvuke wa nyuzijoto zaidi ya 800 hadi vitundu vyake vyote vifunguke. Gramu moja ikawa na uso wa ndani unaozidi mita za mraba 500. Mkaa wa jikoni haujafika huko. Na hata ule bora huishika amonia kwa shida, na hewa ya ukaa hauipunguzi kwa kiasi cha kuusaidia uyoga. Utakuwa umeondoa harufu iliyokuwa ikikuonya, na mifuko imebaki inakosa pumzi. Mimi nasema usiutundike.

Fungua chumba. Hewa yenye joto na unyevu ni nyepesi, hupanda; basi toboa matundu ya chini karibu na sakafu upande unaopokea upepo, na mengine juu chini ya paa upande wa pili. Hewa ya nje itaingia chini na iliyochoka itatokea juu bila feni wala umeme. Yazibe matundu yote kwa wavu mwembamba kuliko chandarua, kwa sababu vinzi vidogo vya uyoga hupenya na kutaga kwenye mifuko. Ugumu uko kwenye unyevu: mamama hutaka unyevu wa asilimia 80 hadi 90, na kila upepo unaoingia unaubeba. Ndiyo maana kupepea huenda pamoja na kumwagia maji sakafu na kuta, hasa asubuhi na jioni. Masika hewa ya nje ina maji tayari na kazi ni nyepesi. Kiangazi fungua usiku zaidi kuliko mchana.

Mwenye chumba naye anapumua humo. Kofia za mamama zikikunjuka na kupinda juu, hudondosha vumbi jeupe la mbegu zisizohesabika, na mapafu ya baadhi ya watu hayalikubali. Madaktari waliueleza ugonjwa wa namna hiyo kwa wafanyakazi wa uyoga wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1959. Vuna kofia zingali zimeinamia chini, acha mlango wazi kwa muda kabla ya kuingia, funika pua na mdomo. Mtu akipata homa, kubanwa kifua na kikohozi saa chache baada ya kuvuna, kisha akapona akikaa nje, na kuugua tena akirudi, aende zahanati na aseme wazi kwamba anafanya kazi ndani ya nyumba ya uyoga. Dalili hizo hufanana sana na za nimonia, na vidonge vya nimonia haviziondoi.